Beringi Arobaini Nilizoziosha

Niliziosha mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na niliziosha vizuri. Nalisema hilo mwanzo ili asitafutwe mtu mwingine wa kulaumiwa.

Beringi ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayoushika mhimili wa mashine uzunguke bila kukwaruza. Wanawake wenzangu wamekaa na dhahabu, mimi nimekaa na beringi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi mitambo. Banda lake lilikuwa Gerezani, upande wa reli, na stoo yake ilikuwa nyumba yetu hii ya Kariakoo, ambayo siku hizi imebanwa na maghorofa kulia na kushoto mpaka jua la uani tunalipata saa sita mchana tu. Chumba cha mwisho, kile kinachotazamana na choo, kilikuwa chumba cha chuma. Wageni walikuwa wakilala sebuleni. Chuma kilikuwa na chumba chake.

Shule niliishia darasa la nne, mengine nikayapata kwenye kisomo cha watu wazima. Ila kazi ya chuma nilifundishwa na mume wangu, na alinifundisha upande mmoja tu: kuosha. Kila Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, vyuma vyote vya wiki ile vilikuja uani. Beseni la kwanza mafuta ya taa, la kutolea grisi. Beseni la pili mafuta ya taa masafi, la kusuuzia. Penye kutu unapita na brashi ya waya, halafu msasa laini. Mwisho tambara lenye oili. Hakuna mali ya mtu iliyorudi kwa mwenyewe ikiwa chafu. Alikuwa akisema mteja ukimpa chuma kichafu atadhani na kazi uliyomfanyia ni chafu. Yeye alitengeneza, mimi nikaosha, maisha yetu yote. Hata alipofariki niliendelea. Zana zake nazipitia kila Ijumaa mpaka leo, ingawa hakuna anayezitumia.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alipohamishiwa Mwanza kikazi aliniachia akiwa ndio kwanza anaanza darasa la kwanza, na hakurudi kumchukua, nami sikumkumbusha. Babu yake alikuwa akimwita mke mdogo. Kwa hiyo mimi na yeye tukawa wake wenza, na tulitaniana hivyo miaka yote. Nikimtuma sukari anajibu, "Mtume mume wako, mimi leo si zamu yangu." Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Mzee alikuwa na bisibisi ndefu. Mashine ikiletwa, aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mashine na mpini sikioni mwake, akafumba macho. Halafu anamvuta yule mtoto na kumwekea mpini sikioni na yeye.

"Sikiliza, mke wangu. Hii inalia."

"Inalia nini, Babu?"

"Inataka grisi. Na ile ya jana?"

"Ile ya jana inakoroma."

"Ehee. Inayokoroma imeshachelewa."

Ndivyo alivyokulia. Akasoma uhandisi, akapata shahada ya kwanza, akapata ya pili. Siku moja alikuja akakaa hapa hapa uani, akaniambia anaingia kwenye udaktari.

"Udaktari wa kutibu nini?"

"Mashine, Bibi."

"Basi babu yako alikuwa daktari."

"Alikuwa, tena bingwa. Ila hakuandika."

Mtaani habari zilitangulia. Jirani yangu wa mbele, mama wa Kichaga anayeuza vitenge kwa jumla, akaja kuniuliza kama daktari wangu anaweza kumwangalia goti. Nikamwambia mlete, atakupaka grisi. Alicheka, lakini alirudi tena mara ya pili kuniuliza kwa dhati, ikabidi nimweleze.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Udaktari wenyewe haukuwa wa kukaa maktaba. Siku tatu za wiki mjukuu wangu alikuwa kiwandani, kwenye kiwanda kimoja cha unga, amevaa ovaroli na buti kama mwanamume wa zamu. Siku mbili alikuwa chuoni. Wasimamizi wake walikuwa wawili: profesa wa chuo na mkuu wa matengenezo wa kiwanda. Swali linatoka kiwandani na jibu lazima lirudi kiwandani. Uandike vizuri namna gani, mashine isipopona hupewi. Nilipolisikia hilo nilisema hiyo ndiyo elimu. Nimewaona wasomi wengi wanaosoma mpaka miwani inakuwa mizito na bomba la nyumbani kwao linavuja.

Swali lake lilikuwa hili. Vinu vya zamani vya pale kiwandani vilikuwa vinaua beringi kabla ya wakati wake, na beringi moja ikifa kazi yote inasimama. Yeye akabandika vyombo vidogo kwenye vinu, vinasikiliza usiku na mchana na kuandika sauti kwenye kompyuta. Beringi ikifa inatolewa na kufungwa kwenye mfuko na kikaratasi chenye namba. Nia yake ilikuwa siku moja mashine iseme yenyewe: mimi nimebakiza wiki mbili.

"Ni ile bisibisi ya Babu," aliniambia. "Nataka tu iwe na sikio lisilochoka."

Miaka mitatu alikwenda hivyo. Alikuwa akija Ijumaa, ananipa habari za vinu kama mtu anayesimulia ndugu zake. Namba nne mgonjwa. Namba saba anadanganya, analia wakati mzima. Nilivijua vile vinu bila kuviona.

Mwaka wa nne kiwanda kikaagiza vinu vipya kutoka nje. Stoo ya zamani ikatakiwa iwe tupu, na kitakachokutwa humo kitakwenda na vyuma chakavu. Huko chuoni nako maabara ilikuwa imefungwa, paa linatengenezwa. Mjukuu wangu akaja na bajaji, maboksi yamejaa mpaka anakaa ubavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Unahamia?"

"Naomba chumba cha mzee wetu. Wiki tatu tu. Maabara wakifungua nazipeleka, maprofesa wazione."

"Kuna masharti?"

"Zisichanganyike tu. Kila moja ikae na kikaratasi chake."

Boksi moja lilikuwa limepasuka chini. Tukaliinamia wote wawili tukaliingiza. Nikafunga mlango, ufunguo nikauweka kwenye pindo la kanga.

Wiki ya tatu alinipigia simu kwamba Jumatatu anakuja kuzichukua. Jumamosi asubuhi niliingia kufagia. Nikafungua boksi moja niangalie kama panya hawajaingia. Jamani! Grisi nyeusi imekauka kama lami, unga umeganda juu yake umekuwa kama ugali wa juzi, na kutu. Nilitoa ya pili, ya tatu. Zote hivyo. Nikawaza: Jumatatu mtoto huyu anasimama mbele ya maprofesa, mjukuu wa fundi yule, na uchafu huu mkononi. Watasema alilelewa wapi?

Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikatoa mabeseni.

Niliosha Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka alasiri. Nilitoa moja, nikaweka kikaratasi chake chini ya jiwe, nikaiosha, nikaikausha, nikakifunga kikaratasi chake, ndipo nikashika nyingine. Masharti yalikuwa zisichanganyike, na hazikuchanganyika hata moja. Vifuniko vya pembeni nilivifungua kwa ncha ya bisibisi kama nilivyofundishwa, kwa sababu ndani ndiko kunakojificha uchafu. Penye kutu nikapita na waya. Palipokuwa na vishimo na weusi wa kuungua nikapita na msasa, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka vidole vikafa ganzi. Zingine zilikuwa na michubuko mirefu, nikailainisha. Maji meusi ya mafuta nikayamwaga karoni. Kisha oili, kisha mkekani. Nilipoizungusha moja kwa kidole ilizunguka bila mlio kwa muda mrefu kweli, nikasema laiti mzee angeiona hii.

Jumatatu alikuja mapema. Nilimngoja mlangoni.

"Pita uone, mke mwenzangu. Kuna watu bado wana nguvu."

Alipita. Mkeka ulikuwa uani, beringi zimepangwa kwa safu, zinang'aa. Akasimama. Nilidhani ni furaha, nikampa muda wake.

Alipiga magoti, akachukua moja.

"Umepitisha msasa?"

"Ule laini. Mgumu ungekwaruza."

"Na ndani?"

"Nimefungua zote. Ndani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi."

Akaiweka mkekani. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Yale mafuta uliyooshea yako wapi?"

"Nimeyamwaga."

"Wapi, Bibi?"

"Karoni. Ulitaka niyaweke ya nini?"

Aliinuka akaenda kwenye karo. Akachuchumaa, akaweka uso karibu na lile tundu la maji machafu, akachungulia. Mtu wa shahada mbili, amevaa nguo za kwenda chuoni, anachungulia tundu la karo langu. Hicho ndicho ninachokiona kila nikienda kuosha vyombo.

Huyu mtoto nimemsikia akipiga kelele kwa ajili ya wali ulioungua. Siku ile hakupiga. Alirudi akakaa chini, sakafuni, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa. Ule uchafu ndio aliokuwa anaupeleka. Ile grisi ilikuwa ipimwe ijulikane kilichomo ndani yake, ni unga au ni mchanga au ni vumbi la chuma chenyewe. Kila kishimo na kila weusi ulikuwa utazamwe kwa hadubini kubwa, ulinganishwe na sauti iliyoandikwa siku ile beringi ilipokuwa inakufa. Ndipo angeweza kusema, sauti hii ni ya kidonda hiki. Picha alikuwa nazo za nje tu. Za ndani zilikuwa zinangoja hadubini.

"Sauti ninazo zote, Bibi," akasema. "Kilichokuwa kinalia ndicho nisichonacho tena."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia. Sikuwaza."

Pengine aliniambia siku moja, katika zile Ijumaa, nikasikia nusu. Sijui. Nimejaribu kukumbuka na sijui.

Akazihesabu. "Ziko arobaini. Zilikuwa arobaini na moja."

"Nilichokikuta ndicho nilichokiosha."

"Basi itakuwa imeanguka kwenye bajaji," akasema, na hakuitafuta. Akazifunga zote, safi vile vile, akaondoka nazo. Mlangoni alisema, "Kwaheri, Bibi." Hakusema mke mwenzangu. Nililisikia hilo na nikajifanya sikulisikia.

Miezi miwili hakunisimulia kitu. Ijumaa alikuja, alileta machungwa, aliuliza presha yangu. Nikimuuliza za chuo ananiambia "tunaendelea." Mimi si mtu wa kukaa na kitu rohoni. Siku moja nikavaa baibui langu la kutokea, nikapanda basi la mwendokasi, nikaenda chuoni kumtafuta yule profesa. Niliuliza kila mtu mpaka nikafika.

Alikuwa mtu mzima, mvi zimejaa, na maneno yake yana lafudhi ya Moshi. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, mama."

Nikamjibu marahaba, ingawa labda tulikuwa umri mmoja. Nikamwambia mimi ni nani, na sikukaa. Nikasema, "Zile beringi nimeziosha mimi. Yeye hakuwepo. Kama kuna adhabu iandikwe kwa jina langu, na yeye aachwe amalize."

Profesa alivua miwani. "Mama, yeye alituambia aliharibu mwenyewe. Alisema alikosea katika kuzihifadhi."

"Amedanganya."

"Naona hivyo."

"Basi andika ukweli. Kalamu unayo."

Akanivutia kiti. Nikakaa. Akaniambia, kwa upole, na kwa kweli ningependa angekuwa mkali, kwamba zile beringi zilikuwa mali ya kiwanda na ushahidi wa chuo. Hazikutakiwa kulala mahali pengine bila kibali cha maandishi. Akiandika kwamba bibi yake aliziosha uani Kariakoo, ataandika pia kwamba mwanafunzi alizitoa akazipeleka nyumbani kwa mtu. Kuharibu kwa bahati mbaya kunamrudisha nyuma. Kuzitoa bila kibali kunamfukuzisha, na kiwandani pia hapati kazi.

"Kwa hiyo ukweli wangu unammaliza," nikasema.

"Ndiyo, mama."

Maisha yangu yote mdomo wangu haujawahi kunishinda. Nimemwambia ukweli imamu, nimemwambia ukweli mjumbe, nimemwambia mkwe wangu siku ya harusi yake. Pale nilikaa na mkoba mapajani na sikuwa na pa kuupeleka ukweli wangu.

"Basi mimi sikuja hapa," nikamwambia.

"Hukuja, mama."

Akanisindikiza mpaka getini kwa miguu yake. Njiani alisema jambo moja tu, kwamba katika wanafunzi wake huyu ndiye aliyesikia mashine kwa sikio kabla ya kompyuta. Nilikuwa natazama ninapokanyaga.

Mambo yaliyofuata ni machache. Vinu vya zamani viling'olewa vikauzwa kwa kilo, kwa hiyo beringi nyingine kama zile hazikuwepo tena duniani za kuua upya na kupima upya. Chuo kilimwambia atafute swali jingine na kiwanda kingine kitakachomfungulia mlango. Alitafuta. Viwanda vilimwambia aache barua. Miaka aliyopewa na chuo ikaisha barua zikiwa bado mezani kwa watu, na udaktari ukaishia hapo.

Kile kiwanda cha unga hakikumtupa. Walimpa kazi kwenye matengenezo. Vinu vipya vilipofungwa, vikaonekana vimekuja na sikio lao kutoka huko huko vilikotengenezwa. Kinu kikitaka kuugua, taa ya njano inawaka. Kazi yake ni kuitazama ile taa na kuandika kwenye fomu. Aliniambia hilo akimenya chungwa, kama habari ya hali ya hewa, na hakunipa namba ya kinu chochote. Sijui majina ya vinu vipya. Sijui kipi kinadanganya.

Hajawahi kunilaumu. Laiti angenilaumu. Ningemjibu, tungegombana, mama wa vitenge angekuja kutusuluhisha, na ingekwisha.

Masika yaliyopita maji yaliingia chumba cha chuma. Ilibidi tuvute kabati la mzee, kabati zito la chuma ambalo halikusogezwa tangu azikwe. Mjukuu wangu alivuta upande wake, mimi wangu. Chini yake, kwenye vumbi la kona ambayo maji hayakuifikia, ilikuwepo ya arobaini na moja. Ilichomoka kwenye lile boksi lililopasuka ikabingirika mpaka huko. Mfuko wake uko vile vile, kikaratasi vile vile, chafu kama ilivyotoka kwenye kinu.

Sikuigusa. Nilirudisha mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa.

Yeye aliichukua, akatoka nayo uani kwenye mwanga. Akaifungua. Akaigeuza, akainusa grisi yake, akaizungusha karibu na sikio. Ilikoroma. Na akatabasamu, kile kitabasamu cha kwenye mapaja ya babu yake.

"Njoo, mke mwenzangu," akaniita. "Unaona hapa? Huu weusi? Hapa alianza kupata joto. Huyu ni namba nne, nilikwambia mgonjwa. Sasa tazama, grisi ya upande huu ina mchanga, ya upande ule haina. Maana yake mchanga uliingilia huku, mfuniko ulikuwa mbovu, haikuwa kuzidiwa mzigo. Wao kiwandani walisema ni mzigo! Nilijua si mzigo. Sauti yake ilikuwa na…"

Akazungumza. Nilisimama na miguu yangu yenye maji nikamsikiliza, na sikukosa neno hata moja. Chai ilichemka ikamwagika jikoni nikaiacha imwagike.

Halafu akafika mwisho wa alichoweza kukisoma pale. Aliiangalia ile beringi kidogo zaidi, akairudisha kwenye mfuko wake.

"Moja haitoshi, Bibi," akasema, akaniwekea mkononi, akarudi ndani kuchota maji.

Iko rafuni, juu ya gazeti. Nilipomuuliza kama naweza kuyaandika haya, alisema, "Andika. Hawana tena cha kuninyang'anya ila ile taa ya njano." Kila Ijumaa natoa mabeseni, naosha bisibisi ndefu, naosha spana, naosha patasi, vyote vya mzee, nakausha, napaka oili. Nikifika kwenye ile naivuka. Kutu imeshaingia upande wa pili na inazidi. Mikono inaniwasha. Naiacha ilivyo.